Mpango wa jiokeshingi kwenye hifadhi za jimbo Marekani: tuanzie wapi?

Wakuu, klabu yetu inataka kuanzisha mpango wa pasipoti wa jiokeshingi, mchezo wa kusaka kwa GPS makasha yaliyofichwa: mtu anasaka hifadhi hadi hifadhi, anajaza kijitabu, akimaliza anapewa sarafu ya ukumbusho. Tutumie makasha gani, na nini huharibu mipango hii?

Jibu 1
Kibali cha maandishi cha uongozi wa hifadhi kwanza, kabla hamjanunua chochote. Kila jimbo lina utaratibu wake. Geocaching.com, tovuti inayoorodhesha makasha, nayo inataka yaachane angalau mita 161 (maili 0.1), na kuchimba ardhi ili kulifukia kasha hakuruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye eneo.

Jibu 2
Chukueni masanduku ya chuma ya kijeshi ya kuwekea risasi za bunduki, yenye mpira kwenye mfuniko. Kagueni mpira huo kila mkipita: ncha ya mfuko wa plastiki ikibanwa pale, unyevu unaingia na daftari la wasakaji lililomo ndani linageuka uji. Pakeni rangi juu ya maandishi ya kijeshi, kisha andikeni wazi kuwa ni kasha la mchezo, la sivyo mtu ataita polisi. Chakula msiweke kabisa, huvuta wanyama. Mihuri ya kugonga kijitabuni huibwa na wino hukauka. Heri neno la siri ndani ya mfuniko, mtu alinakili kijitabuni.

Jibu 3
Nakazia vipimo vya mahali kasha lilipo. Chini ya miti minene au bondeni, GPS hukosea hata mita 10. Pimeni siku tofauti, chukueni wastani. Tena ficheni karibu na njia rasmi: wasakaji wakizungukazunguka porini, mimea hukanyagwa, njia za panya hutokea, na kibali hufutwa.