Mjadala: kashia akipata shoti, ni haki akatwe mshahara?

Watu wa Nakuru hebu tuongee hii maneno. Jana kwa matatu ya Kaptembwo mama mmoja alikuwa analalamika ati makashia wa supamaketi wamekuwa wakali na wanavuta kazi, na gari yote ikakubaliana naye kwamba dawa ni wapelekwe semina ya kastoma kea. Mimi nimekaa kaunta miaka minne na nasema hapana, shida si adabu, shida ni shoti.

Kwa wale hawajui, shoti ni ile pesa inapungua kwa droo yako jioni, na kwenye nilikuwa ilitolewa kwa mshahara wako moja kwa moja bila swali. Noti feki ya 1000, ni yako. Mteja amekuonyesha mesej ya M-Pesa na pesa haikuingia, ni yako. Sasa mtu amesimama hivyo tangu asubuhi na kodi ya nyumba inamngoja, anahesabu noti mara tatu, anaiinua kwa taa, anangojea M-Pesa iingie, na wewe huko nyuma ya laini unaona ni kama anakuringia. Jameni huyo anaogopa tu.

Nimejua hivyo kwa sababu tuliletewa supavaisa mpya. Mshahara haukupanda hata shilingi moja. Alianza tu kuhesabu droo pamoja na sisi, asubuhi na jioni, mnatia sahihi wote wawili, sarafu za chenji ziko tayari kabla milango ifunguliwe, na shoti ikitokea anauliza kwanza ilikuwaje. Mwezi haukuisha laini ikaanza kusonga, na mimi mwenyewe nikajipata nasalimia watu bila kuambiwa.

Kuna mwenye atasema makashia wengine ni wezi. Wako, sikatai, nimeona mtu akipitisha unga ya rafiki yake bila kuskani. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu ukatwe pesa iliyopungua kwa uzembe au udanganyifu wako, tena kama mkataba unasema wazi umekabidhiwa pesa, na makato yote pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara. Sasa kama mtandao wa M-Pesa ndio umekwama, uzembe wangu uko wapi?

Na hii ni maneno yetu kabisa, hizi supamaketi zimetoka hapa kwetu, Nakumatt jina lenyewe ni Nakuru Mattresses na Naivas ilianzia hapo tu Rongai 1990. Wenye maduka mkuje mseme mnakata kwa msingi gani, na nyinyi mko kaunta saa hii, jioni droo yako unahesabu na nani?