Naomba ushauri: je, fonti ya Cooper Black inafaa kwa mifuko ya duka la mikate?

Mleta uzi: Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Nimepewa kazi ya kusanifu bango na mifuko ya karatasi ya duka la mikate na maandazi. Mwenye duka ameipenda fonti ya Cooper Black, kwa kuwa unene na mviringo wake unamkumbusha donge la unga lililoumuka, na anataka itumike kila mahali: jina la duka, bei, hata orodha ya viungo nyuma ya mfuko. Naiona inafaa kwa jina tu, ila sina hoja za kumweleza.

Mpigachapa: Mwenye duka ana jicho zuri. Fonti hiyo ilichorwa na Oswald Cooper, msanifu wa herufi wa Chicago, na ilitolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, kwa ajili ya matangazo yanayopaswa kuonekana kwa mbali. Itazame kwa karibu: miguu ya herufi haikukatwa bapa bali imeviringwa, na tundu la "o" limelalia nyuma kidogo. Ndiyo maana inaonekana nzito lakini haitishi. Shirika la ndege la easyJet huitumia kwenye nembo yake, yaani neno moja fupi lililoandikwa kwa ukubwa, na hapo ndipo mahali pake.

Mama Mhariri: Mimi ningeanza na lugha yetu yenyewe. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, na matundu ya "a" na "e" katika fonti hii ni madogo mno. Neno "maandazi" peke yake lina "a" tatu. Lichape kwa pointi 8, yaani herufi ndogo sana, kwenye karatasi ya kaki, ambayo hunywa wino, na matundu hayo yataziba. Usimwonyeshe kwenye skrini, maana huko kila kitu hupendeza. Mchapie sampuli kwenye karatasi ileile ya mifuko, umpe asome mwenyewe orodha ya viungo.

Mchora mabango: Naafikiana na Mama Mhariri kuhusu mifuko, lakini kwenye bango bei zinaweza kubaki, kwa sababu tarakimu zake zikiwa kubwa husomeka vizuri hata kutoka ng'ambo ya barabara. Epuka kuandika jina lote kwa herufi kubwa, kwani uzuri wa fonti hii umo katika herufi ndogo. Vilevile usibonyeze kitufe cha kukoleza. Fonti yenyewe ni nene tayari, na programu itaongeza unene wa bandia utakaoharibu mikunjo.

Mleta uzi: Nashukuruni sana. Je, viungo niviandike kwa fonti gani?

Mpigachapa: Chagua fonti nyepesi, iliyonyooka, yenye "a" na "e" zilizo wazi. Usichukue nyingine ya mviringo, maana zitashindana na jina. Ukishachapa sampuli, tuwekee picha hapa tuione.