Mtori unapakuliwa, mtu anatusomea asilimia!

Wanajamvi, naandika mkono ukinitetemeka. Binamu ninayemsema mnamjua, kwa kuwa kila ukoo wa Uchagani una mmoja wa aina yake, aliyekwenda Marekani na kurudi kila Desemba na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mwaka jana alikuja na vichupa vya kupimia vinasaba (DNA), akawapanga wazee wenye heshima zao barazani Kibosho, nasi vijana nyuma yao, tukatema mate hadi kwenye mstari ili tufahamishwe asili yetu, ilhali kaburi la babu lipo palepale mgombani.

Jana, mama akiwa ameinua upawa ampakulie baba mkubwa, mtu huyu alisimama na simu yake, akasoma kwa sauti ya mnadani kwamba mimi na kaka yangu tunachangia asilimia 25 tu ya vinasaba, wakati ndugu wa baba na mama mmoja hukaribia 50. Upawa ulikuwa bado hewani! Shangazi, ambaye hajanyamaza tangu uhuru, alinyamaza. Asilimia 25, mbele ya mama, mbele ya upawa! Hakuweza kungoja hata tunawe mikono?

Mzee wa Soko la Mbuyuni: Mkuu, upawa umeutaja mara tatu na baba yako hujamtaja hata mara moja. Huyo baba mkubwa mnafanana naye?

Fundi Hesabu: Baba mkubwa mwacheni ale mtori wake. Watoto wa mama mmoja ambao baba zao ni ndugu wa tumbo moja wangekaribia asilimia 37, si 25.

Dada wa Sakina: Ndiyo maana hapa nchini kipimo cha uzazi hupita kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa maombi ya mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii, wala hakisomwi na binamu mwenye simu. Tena mwaka 2023 wadukuzi walichukua taarifa za watu wapatao milioni 6.9 katika 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima vinasaba kwa mate. Kwetu mjomba alikataa kutema mate, na shangazi hakusubiri majibu; alifunga mizigo usiku huohuo.

Mtu wa Machame: Afadhali nyinyi mnaogombana kwa asilimia. Kwetu kitinda mimba, ambaye hakuna anayetilia shaka damu yake, ameuza nusu ya kihamba, shamba letu la ukoo, bila kutema tone la mate. Uzi wa huyo ataufungua nani?