Tupeane uzoefu: mzee wako alianza kusahau vipi?

Binti wa Bombo: Leo mama ameniuliza tena baba yuko wapi. Baba tulishamzika, na kila akiambiwa analia upya. Wenzangu mnafanyaje?

Tororo Boy: Mwambie katoka kidogo.

Binti wa Bombo: Nimdanganye mama yangu mzazi?

Mama Jinja: Mdanganye tu dada, utapumzika. Baba yangu aliendesha malori Mombasa–Kampala ujana wake wote. Asubuhi moja tukakuta kitanda kitupu, koti lake la kazi halipo. Tumemtafuta mpaka hospitali. Kumbe alipanda taksi hadi Malaba mpakani, yuko kwenye foleni ya malori anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, anadai trela lake. Madereva wanacheka. Kijana mmoja tu ndiye aliyempandisha, akamwachia usukani injini ikiwa imezimwa, akamnunulia chai. Nilipofika akaniita kwa jina la shangazi, marehemu. Lakini mizani za njiani alizitaja zote kwa mpangilio: Mariakani, Mlolongo, Gilgil, Webuye. Chai yenyewe alishasahau kama kanywa!

Tororo Boy: Aisee. Mungu ambariki huyo kijana.

Arua Kwetu: Huyo mzee karogwa.

Nesi Mbale: Karogwa na nani? Seli za ubongo zinakufa. Mapya hayashiki, ya zamani yanadumu zaidi. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alishaueleza ugonjwa huu mwaka 1906.

Arua Kwetu: Babu yangu alichanganyikiwa, mganga akamponya!

Nesi Mbale: Ilianza ghafla? Na homa?

Arua Kwetu: Ndiyo.

Nesi Mbale: Dripu alitundikiwa?

Arua Kwetu: Kliniki, ndiyo, ila mganga ndiye…

Nesi Mbale: Haya. Malaria kali au maambukizi ya mkojo humvuruga mzee ghafla. Akitibiwa, mara nyingi akili hurudi. Dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, huja polepole. Binti, mpeleke mama apimwe presha, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Baadhi ya sababu za kusahau zinatibika.

Mama Jinja: Na geti ufunge kwa ndani.

Tororo Boy: Na waragi je? Nauliza kwa niaba ya kaka.

Nesi Mbale: Kaka huyohuyo anayeandika? Pombe nyingi bila kula humaliza vitamini B1, na kumbukumbu huenda nayo.

Binti wa Bombo: Asanteni. Na anayekataa kuoga?

Mama Jinja: Fungua mada yake, hapa hatutamaliza.