Leti (mashine ya kukereza chuma) inatokwa jasho kila asubuhi, kutu haiishi: nifanyeje?

Choki4
Wakuu, naomba ushauri. Karakana ni ya matofali, bati bila dari, sakafu ya zege. Alfajiri mashine ni kavu, lakini ikifika saa tatu kitanda cha leti (zile reli zake) na meza ya drili vimejaa matone. Kesho yake kutu imeshaota. Nafunika kwa nailoni nzito na kupuliza WD-40, wapi! Ninunue mashine ya kukausha hewa?

Mkerezaji
Mkuu, anza kwa kutoa hiyo nailoni. Unyevu ukishaingia chini yake hautoki. Tumia shuka la pamba.

Leti ni mzigo mkubwa wa chuma: usiku inapoa, asubuhi hewa inapata joto kabla yake. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 inadondosha maji kwenye chochote chenye nyuzi 21 au chini. Kwa hiyo usifungue milango mapema. Subiri chuma kipate joto. Usiku washa balbu ya kizamani ya waya, wati 40 au 60, ndani ya kabati la leti. Ya LED haifai, joto lake ni dogo mno. Ifunge kwenye holda ya kauri yenye wavu, mbali na matambara ya mafuta. Chuma kikiwa nyuzi mbili tatu juu ya hewa, hakilowi.

Spana_13
Naongezea: usije ukawasha jiko la mafuta ya taa ndani ili kupasha chumba. Lita moja ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, na yote yanabaki humo humo.

WD-40 inafukuza maji vizuri, ila utando wake ni mwembamba, haukai. Futa kutu kwa msasa wa 600 wenye mafuta, safisha kwa thina, acha ikauke, kisha paka mafuta ya reli za mashine, ya uzito wa ISO VG 68. Meza ya drili paka nta. Grisi kwenye kitanda hapana: inashika chenga za chuma, zinasaga reli.

Choki4
Asante wakuu. Na mashine ya kukausha hewa?

Mkerezaji
Bati lako lina uwazi juu ya ukuta? Kama upo, utakausha hewa ya mtaa mzima. Ziba kwanza, halafu mashine ilenge unyevu wa asilimia 50.

Sakafu nayo ipime. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, acha saa 24. Maji yakiwa chini ya nailoni, yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu, ni ya hewani.

Bomba_Nusu
Swali moja: kutu ya siku moja ni ya haraka mno. Kuna asidi ya kulehemea humo ndani, au betri inachajiwa?

Choki4
Chupa ya asidi ipo, chini ya benchi. Imefungwa lakini.

Bomba_Nusu
Kama ni hydrochloric, mvuke wake unapenya hata kifuniko kikifungwa. Itoe nje ya jengo leo, kisha futa mashine zote upya kabla ya kupaka mafuta, maana chumvi yake inabaki juu ya chuma na kutu itaendelea chini ya mafuta.