Kijana wetu akisomea usasa wa Ulaya, kapotea?

Wakuu, tujadili hili bila jazba. Kuna kijana anataka kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya washairi wa usasa (modernism, mkondo wa kuachana na mitindo ya zamani) wa Uingereza na Marekani, wale wa miaka ya 1910 na 1920. Wakubwa wa idara wanamwambia aachane na mambo ya Wazungu, fasihi yetu haina watafiti. Mimi niko na kijana.

Tazameni mmoja wao, Mmarekani Ezra Pound. Mwaka 1915 alitoa Cathay, kitabu cha mashairi ya Kichina kwa Kiingereza, na Kichina chenyewe hakujua. Alitumia madaftari ya marehemu Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyesomeshwa mashairi hayo na walimu wa Kijapani. Ndiyo maana humo Li Bai, mshairi mkubwa wa China, anaitwa Rihaku, kwa matamshi ya Kijapani. Mwaka uliofuata mshairi mwenzake Yeats akaonyesha London mchezo wa kufuata Noh, maigizo ya jadi ya Japani, na mchezaji ngoma wake alikuwa Mjapani, Michio Ito. Mshairi T. S. Eliot naye akamaliza shairi lake The Waste Land (1922) kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Sasa hayo ni ya Wazungu watupu kivipi? Anayesema hivyo anawapa sifa ya bure.

— Mleta mada, umeruka 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ifutwe pale chuo kikuu Nairobi, hawakukataa fasihi ya nje. Walitaka Afrika ikae katikati, mengine yafuate. Halafu tuongee hela: madaftari ya Fenollosa yako Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Nauli nani analipa? Viza je? Akirudi, nani anamwajiri?

— Mnazunguka tu. Mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo, watetezi wa ushairi wa jadi, waliwaka: shairi bila vina na mizani ni kuiga Wazungu! Wenzake wakajibu kwamba nyimbo za makabila yetu hazikuwahi kudai vina. Mtu mwenyewe ni wa Ukerewe, akasomea uzamivu Wisconsin, Marekani, akafundisha Dar es Salaam, kisha Botswana. Kachukua wapi nini? Hadi leo watu wanabishana kwa hisia, maana wengi wanaosema "ameiga" hawajawasoma hao wanaodaiwa kuigwa.

— Mleta mada tena. Wa mwisho hapo kanisaidia kuliko nilivyojisaidia: tasnifu ya kijana ingetupa pa kuanzia kwenye ugomvi huo. La nauli sina jibu, ni kweli inauma. Ila nina sharti, na nimeshamwambia: ajifunze Kijapani au Kichina kwanza, hata kama itamchelewesha miaka miwili. Akitaka kuchunguza Cathay kwa Kiingereza peke yake, atakuwa anarudia alichofanya Pound, na hapo nahamia upande wa idara.