Kikundi cha ukoo: wiki ya muziki ya Dada wa Mwanza

Dada Mwanza: Shikamooni wakubwa wote. Likizo yangu imekubaliwa! Natua Dar Jumanne mchana, naondoka Jumatatu. Safari hii sina haja ya kuzunguka Kariakoo. Nataka kusikia muziki unaopigwa na watu, mbele ya macho yangu, kila siku ikiwezekana. Mjomba, wewe ndiye mwenye mji kwa mambo haya. Nipangie.

Mama Kimara: Marahaba. Na kupumzika?

Dada Mwanza: Nitapumzika Mwanza mama 😄

Mjomba Temeke: Marahaba mama. Umeniuliza swali ninalolipenda kuliko yote. Kwanza niseme: kila siku hapana. Ukisikiliza bendi kwa kweli, kesho yake kichwa bado kimejaa. Chukua siku nne, uzisikie vizuri. Nipe nusu saa nimalize kazi hapa, nitaandika.

Dogo Manzese: Mjomba akishasema nusu saa ujue inakuja hotuba

Mama Mdogo Magomeni: Mwache kaka yangu. Ila Ijumaa ni yangu, nimeshaiweka. Ijumaa ni taarabu, wala tusibishane.

Mjomba Temeke: Haya nimerudi.

Jumatano, dansi. Wengi wanangoja Jumamosi, mimi napenda katikati ya wiki. Ukumbi haujajaa, unakaa meza ya mbele, unaviona vidole vya mpiga gitaa la solo. Huku kwetu kuna bendi ya wazee, bango wamelibandika stendi: kiingilio elfu kumi, wanaanza saa tatu usiku. Mimi nitakuwa pale saa mbili kasoro, na wewe uje mapema hivyo hivyo. Wakati wa kujaribu vyombo ndipo utajua bendi ina watu gani. Besi anapiga sauti moja, anangoja, rithimu anaifuata, wanatazamana. Watu wa tarumbeta wamekaa kwenye kreti za soda nyuma ya jukwaa wanapuliza polepole. Mtu wa tumba anakaza ngozi, anagonga, anakaza tena.

Halafu wakianza, usikimbilie kucheza. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Mwanzo ni hadithi: waimbaji watatu wanne wanapokezana, mtu kaachwa, mtu kadhulumiwa mirathi, mtu anamwonya rafiki yake. Hapo watu wanacheza taratibu au wamekaa wanasikiliza maneno. Hadithi ikiisha ndipo linaingia chemko. Magitaa yanashikana, solo hapa, rithimu pale, kila mmoja na neno lake dogo analolirudia, na tarumbeta zinakata juu yake. Chemko zuri linaweza kwenda dakika kumi bila kukuchosha. Redio inalikata hilo, ndiyo maana ukilisikia ukumbini unaona kama ni wimbo mwingine kabisa.

Dada Mwanza: Nimeshashiba kabla sijaondoka. Mjomba, na hizi Msondo na Sikinde ninazozisikia tangu utotoni, tofauti yake nini? Baba alikuwa anabishana na majirani mpaka usiku.

Mjomba Temeke: Hapo umegusa penyewe. Msondo ndiyo Nuta Jazz ya 1964. Ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, vyombo vya chama, wanamuziki wanalipwa mshahara kama waajiriwa wengine. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa Juwata, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma, "Baba ya Muziki". Sikinde ni Mlimani Park, 1978. Muhidin Gurumo alikuwa nguzo ya Nuta tangu mwanzo, akatoka kwenda kuianza Mlimani, baadaye miaka imepita akarudi tena Msondo. Bitchuka naye, ile sauti nyembamba inayopanda, ameimba pande zote mbili. Kwa hiyo ndugu wawili waligombana kwa miaka mingi wakati waimbaji wanavuka uzio kwenda na kurudi.

Kwa sikio langu: Sikinde wamenyooka, kila kitu kimepigwa pasi, sauti zinapangana. Msondo wana uzito, tarumbeta zao zinakusukuma kifuani. Mimi ni Sikinde, na nitakufa Sikinde.

Babu Kisarawe: MSONDO.

Dogo Manzese: 😂😂😂 Babu leo yuko hewani

Dada Mwanza: Shikamoo Babu!

Babu Kisarawe: Marahaba mjukuu wangu. Mimi Nuta nimewacheza nikiwa kijana, suruali pana chini, viatu nimevipaka rangi mara mbili. Gurumo alikuwa akiimba hakurukaruki. Anasimama, anatamka. Neno lilikuwa likifika mpaka nyuma kwa waliosimama. Alipofariki mwaka 2014 nilikaa na redio siku nzima. Huyo mjomba wako mwambie akupeleke Msondo.

Mjomba Temeke: Sawa baba. Bango lao likionekana wiki hiyo nampeleka, nakuahidi. Jamani ratiba za bendi zinabadilika, viwanja vinabadilika. Usiamini tangazo la mwezi uliopita, piga simu ukumbini siku hiyo hiyo mchana.

Mama Mdogo Magomeni: Sasa ni zamu yangu. Ijumaa mwanangu unalala kwangu. Panda mwendokasi Kimara, shuka Magomeni, nakupokea kituoni. Kuna kundi la taarabu linapiga ukumbi wa huku nyuma, si kundi la jina kubwa, lakini mwimbaji wao mkuu nimemsikia mwenyewe kwenye harusi na nikatunza pesa yote ya mkoba.

Mjomba Temeke: Taarabu ya siku hizi ni kinanda kimoja tu dada. Violini ziko wapi? Nai, ile filimbi ya mwanzi, iko wapi?

Mama Mdogo Magomeni: Kaka, mimi pia zile za zamani nazipenda. Mama alitusimulia Egyptian na Al-Watan, vilabu vya hapa hapa Dar, watu wamekaa kwenye viti wametulia, wanasikiliza shairi. Lakini mimi nimekua na makundi ya TOT na Muungano. 1992 TOT inaanza, Khadija Kopa jukwaani, mpasho unatupwa Ijumaa, Jumapili Muungano wamejibu. Mji mzima unajua nani kamjibu nani. Mwanamke aliyenyamazishwa nyumbani kwake alikuwa anatembea katikati ya ukumbi, noti mkononi, anaizungusha juu ya kichwa cha mwimbaji, na kila mtu anaelewa anamwambia nani. Utasema hiyo si muziki kwa sababu hakuna violini?

Mjomba Temeke: Hapo siwezi kubisha. Kopa akisimama amesimama.

Mama Mdogo Magomeni: Basi. Dada, njoo na noti ndogo ndogo, za elfu moja na elfu mbili. Kutunza si kutupa hela. Unangoja ule ubeti uliokugusa, unanyanyuka hapo hapo, unakwenda taratibu na mlio. Ukitunza kila ubeti watu hawajui kipi kimekuuma.

Mama Kimara: Na nguo ya heshima.

Mama Mdogo Magomeni: Dada, dera ninalo la kwake, limepigwa pasi.

Dogo Manzese: Na mimi je? Dada akija Dar akaondoka bila singeli amefika wapi? Jumamosi kuna shughuli mtaani kwetu, inaanza mchana saa tisa, madj na mamc wote wa huku.

Mama Kimara: Vigodoro sitaki. Watoto wa watu wanakesha barabarani.

Dogo Manzese: Mama Mkubwa siyo kigodoro. Ni mchana kweupe, uwanja wa mpira, mjumbe ana taarifa. Saa kumi na mbili na nusu wanazima. Nitamleta dada mwenyewe mpaka kituoni.

Mjomba Temeke: Dada mkubwa, naomba nimtetee kijana. Aende. Mimi mwenyewe nilikuwa nazima redio singeli ikilia, mpaka nilipokaa nikasikiliza chini yake kuna nini. Zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, ndiyo, lakini sikiliza kile kinanda kinachozunguka. Madj wa mwanzo walichukua vipande vya taarabu, pale mwimbaji anaponyamaza kinanda kikabaki peke yake, wakakikata, wakakikimbiza, wakakirudia. Kwa hiyo Ijumaa atakisikia kinanda kwa mama yake mdogo, Jumamosi atakikuta Manzese kinakimbia.

Mama Mdogo Magomeni: Weee! Kumbe ni vinanda vyetu?

Dogo Manzese: Ndiyo Mama Mdogo 🙌 na mamc wanarusha vijembe vile vile

Mjomba Temeke: Na kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku. Hiyo naikumbuka vizuri, miaka ya tisini, uswahilini huku. Kinanda kidogo cha Casio, cha kuchezea watoto, wanakipitisha kwenye spika ya tarumbeta kama ile ya kutangazia mikutano, sauti inakwaruza. Ngoma za kutengeneza wenyewe, mwimbaji mmoja na wenzake wa kumwitikia. Jagwa Music wa Mwananyamala waliipeleka hiyo mpaka Ulaya. Hawakuwa na hela ya magitaa wala tarumbeta, wala hakuna chama cha kuwanunulia vyombo kama Nuta. Walipiga walichonacho. Hilo nawaheshimu sana. Dogo, wakiwepo wazee wowote wa mchiriku hapo Jumamosi niambie, nakuja na mimi.

Dogo Manzese: Mjomba Manzese!!! Hiyo naipiga picha

Dada Mwanza: Kuna rafiki ananiambia kuna tamasha kubwa la Bongo Fleva Jumamosi usiku, wasanii kibao. Niliache?

Mjomba Temeke: Ukiwa na nguvu nenda, wale vijana wana nyimbo nzuri, mimi nazijua nyingi kuliko mnavyodhani. Ila uliniambia unataka muziki unaopigwa na watu. Kwenye matamasha makubwa wengi wanaimba juu ya pleibeki, muziki uliorekodiwa tayari, dakika saba saba, mwingine anaingia. Uliza kwanza kama msanii anakuja na bendi. Akija na bendi, hata mimi nitalipa kiingilio. Hakuna kinachonifurahisha kama kumwona kijana wa Bongo Fleva na mpiga besi pembeni yake, wimbo unapumua, anaurefusha anapotaka.

Dada Mwanza: Basi naacha. Jumapili?

Mjomba Temeke: Jumapili mchana Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Chukua watoto wa hapo Kimara uende nao, kuna ngoma za makabila. Ukikuta Wagogo siku hiyo, kaa nao karibu kabisa. Malimba yao ni vyuma vidogo juu ya boksi la mbao, vinapigwa kwa vidole gumba, na zeze linajibu. Hukwe Zawose alitoka Dodoma na muziki huo, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akauzungusha dunia nzima mpaka alipofariki 2003. Sauti yake ilishuka chini kabisa halafu ikapanda kama ya mtoto. Ukoo wake bado wanapiga.

Alhamisi usiende kokote. Kama umekaa tu, pita kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni au Alliance Française Upanga uulize wana nini wiki hiyo. Hapo ndipo utawapata wanaochanganya zeze na gitaa, watu wasio na ukumbi wao.

Mama Kimara: Nimesoma yote. Masharti yangu: Jumatano baada ya dansi analala Temeke kwa mjomba wake, hakuna kuvuka mji saa saba usiku. Bodaboda usiku sitaki, apande bajaji ya mtu mnayemjua. Jumamosi saa moja awe amefika hapa.

Mjomba Temeke: Sawa dada mkubwa. Chumba kipo, wifi yako ameshaambiwa.

Dogo Manzese: Saa moja kamili Mama Mkubwa.

Babu Kisarawe: Na Msondo?

Mjomba Temeke: Baba, nimepiga simu kwa jamaa yangu mmoja, atanijibu Jumatatu wako wapi wiki hiyo. Wakiwa Alhamisi, Alhamisi ya mapumziko imekufa.

Dada Mwanza: Iache ife 😄 Babu, wakiwepo nitakupigia simu ya video kwenye chemko. Mjomba natuma hela ya viingilio vya Jumatano sasa hivi, changu, chako na cha mke wako. Meza ya mbele tafadhali, upande wa solo.